Kitufe chenye picha ya gari linaloteleza: lini uzime TRC na VSC, na lini usikiguse

Mara ya kwanza kukwama mchangani nikiwa na gari zima, fowili inafanya kazi na matairi bado mapya, ilikuwa kwenye korongo kavu upande wa Engaresero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Gari lilikuwa Prado ya 2011. Niliingia korongoni taratibu, na nilipofika katikati nikaongeza mafuta ili livuke. Badala ya kuvuta, injini ikashuka. Mguu wangu ulikuwa umekanyaga hadi mwisho lakini mshale wa mizunguko ya injini haukupanda. Chini ya miguu nikasikia trrr, trrr, trrr, kama mtu anayekwangua bati, na kwenye dashibodi ile taa ya njano yenye picha ya gari na michirizi miwili iliyopinda nyuma yake ilikuwa inapepesa. Gari likapunguza mwendo, likasimama, likazama hadi ekseli.

Nyuma yetu ilikuja Land Cruiser ya mkonga, na dereva wake, mtu mzima wa rika la baba yangu, akashuka akachungulia dirishani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza: "Kijana wangu, hicho kidude umekizima?" Sikujua anasema kidude gani. Akaingiza mkono, akabonyeza kitufe kilichokuwa karibu na goti langu, akakishikilia huku akihesabu hadi nne. Taa mbili zikawaka na kutulia. Tukachimba, tukatoa upepo kwenye matairi, na gari likarudi nyuma kwa kufuata alama zake lenyewe hadi kwenye ardhi ngumu.

Tangu siku ile nimeshawaonyesha ndugu, jirani na wageni wengi kitufe hicho, kinachozima TRC na VSC, yaani mifumo inayozuia gari kuteleza na kuyumba. Lakini nimeona jambo jingine linalonitia hofu kuliko kukwama: watu wakishakijua, wanakizima kila wanapoiacha lami, wanakamata barabara ya changarawe kwa kilomita 90 kwa saa na taa ya VSC OFF inawaka mbele yao. Kwa hiyo mwongozo huu una pande mbili, na upande wa kutozima nauthamini kuliko ule wa kuzima.

Mifumo hii inafanya kazi gani

Gari lako lina mifumo miwili inayokaa pamoja na mara nyingi inatumia kitufe kimoja.

Wa kwanza unazuia tairi kuzunguka bure. Toyota wanauita TRC, wengine TCS. Kila tairi lina kihisi cha mwendo, kilekile kinachotumiwa na ABS, mfumo unaozuia matairi kujifunga unapokanyaga breki. Tairi moja likianza kuzunguka haraka kuliko mengine, kompyuta inafanya mambo mawili: inalikamata tairi hilo kwa breki, na inapunguza nguvu ya injini. Ile sauti ya trrr ni pampu ya ABS ikifungua na kufunga breki mara nyingi kwa sekunde.

Wa pili unalishika gari lisiyumbe wala kugeuka kinyume na usukani. Kwa Toyota ni VSC, Nissan na Subaru wanaandika VDC, Mercedes-Benz ESP, Land Rover DSC. Huu unalinganisha pembe ya usukani na jinsi gari linavyogeuka kweli. Ukikata kulia na gari likaenda moja kwa moja, au mkia ukaanza kukimbia, unakamata tairi moja moja kwa breki ili kulirudisha gari kwenye njia, na unapunguza mafuta bila kukuomba ruhusa. Ulianza kuuzwa 1995, kwenye Mercedes-Benz S-Class kwa kazi ya Bosch na kwenye Toyota Crown Majesta. Miaka miwili baadaye Mercedes A-Class ilipinduka Sweden kwenye jaribio la kukwepa kizuizi cha ghafla, na kampuni ikalazimika kuweka mfumo huo kwenye kila A-Class. Marekani imeudai kwa sheria kwenye magari madogo yote mapya kuanzia toleo la 2012. Natoa historia hii ili ujue unazima kitu cha namna gani: kifaa kilichowekwa ili gari lisipinduke.

Sasa kwa nini kifaa kizuri hivyo kikukwamishe? Kwa sababu kimetengenezwa kwa kuamini kwamba tairi linaloteleza ni kosa. Kwenye lami yenye maji hilo ni kweli. Kwenye mchanga tairi lazima liteleze kidogo ili gari liende; hakuna namna nyingine ya kupita. Kinachokuvusha mchangani ni kasi uliyoingia nayo na nguvu inayoendelea kufika chini bila kukatika. Kompyuta inaona matairi manne yanazunguka haraka kuliko mwendo wa gari, inakata mafuta, kasi inakufa, na ikishakufa mchangani hairudi.

Matopeni kuna sababu mbili. Kwanza, udongo mweusi wa mbuga unajaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa kama mkate uliopakwa siagi. Tope hilo linaruka tu tairi likizunguka kwa kasi ya kutosha, na TRC hairuhusu kasi hiyo. Pili, ukiwa ndani ya mikondo iliyochimbwa na malori, gari linafuata mkondo hata kama usukani umeukata upande mwingine. VSC inaona usukani unasema kushoto, gari linakwenda mbele, inadhani umepoteza udhibiti, inakamata breki. Umekwama, na tatizo si injini wala tairi.

Kabla ya safari: kijue kitufe chako ukiwa nyumbani

Usisubiri korongo. Washa gari uani na utafute kitufe chenye picha ya gari lililoacha michirizi, mara nyingi kina neno OFF. Kiko chini ya usukani upande wa kulia, au karibu na gia, au kwenye mstari wa vitufe chini ya redio.

Kwenye Prado ya 150 na Land Cruiser ya 200, ile ya V8, kitufe kina ngazi mbili. Kukibonyeza mara moja na kukiachia kunazima TRC peke yake, na maandishi ya TRC OFF yanatokea. Kukishikilia zaidi ya sekunde 3 gari likiwa limesimama kunazima yote mawili, na taa ya VSC OFF inawaka. Tofauti yake ni kubwa. Ukizima TRC peke yake, mfumo unaweza kujirudisha mwendo ukiongezeka. Ukizima yote mawili, haurudi kwa ajili ya mwendo. Unarudi ukikibonyeza tena au ukizima gari na kuliwasha. Hilo la kuwasha upya lishike, kwa sababu wengi wanaozimikiwa na gari katikati ya mchanga wanaliwasha na kukanyaga mafuta wakidhani kitufe bado kimezimwa, kumbe kimerudi.

Prado za zamani kidogo, zile za 120, ukifunga difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, VSC inajizima yenyewe na taa yake inawaka. Si ubovu. Na kwenye Toyota nyingi zenye loki ya difu ya nyuma, ukiifunga hiyo, ABS na mifumo yote miwili inapumzika hadi uifungue.

Nissan X-Trail ina kitufe cha VDC OFF. Kukibonyeza hakuzimi kila kitu: nguvu ya injini haikatwi tena, lakini tairi linalozunguka hewani bado linakamatwa na breki ili nguvu iende tairi la pili. Mimi naona huo ni mpangilio mzuri kwa dereva wa kawaida. Subaru Forester za kuanzia 2013 zenye kitufe cha X-MODE ni kisa kingine. X-MODE inabadilisha tabia ya injini, giaboksi na breki kwa ajili ya ardhi mbovu, na inajitoa yenyewe ukipita kilomita 40 kwa saa. Jaribu X-MODE kwanza kwenye tope na miteremko. Kwenye mchanga mzito ndipo uguse kitufe cha VDC. Land Rover zenye kile kirungu cha kuchagua aina ya ardhi, kilichoanza na Discovery 3 mwaka 2004, weka picha ya mchanga, na kama mchanga ni mzito sana zima DSC pia.

Magari mengine hayana kitufe kabisa, hasa yaliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Utasikia ushauri wa kuchomoa fyuzi ya ABS. Naomba usifanye. Fyuzi hiyo ikitoka, unapoteza ABS na ule mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma, na kwenye magari mengi fowili ya umeme nayo inagoma kwa sababu inasoma vihisi hivyohivyo. Gari lisilo na kitufe lipunguze upepo zaidi, liendeshe kwa gia ndogo na mafuta ya taratibu, na likubali kuzunguka sehemu ambazo wenzako wanapita katikati.

Na Land Cruiser za zamani zenye mkonga, zile zinazobeba wageni kila siku, hazina kitu cha kuzima. Wenye nazo mnaweza kuruka hadi sehemu ya upepo wa matairi.

Mchangani, hatua kwa hatua

1. Simama ukiwa bado kwenye ardhi ngumu. Shuka. Tembea kwa miguu hadi upande wa pili, au angalau hatua hamsini. Unatafuta vitu vitatu: mchanga una kina gani, kingo za kutokea ziko wapi, na je, kuna maji chini. Kwenye makorongo ya Natron na Mang'ola juu panaweza kuwa pakavu na ukichimba kwa kisigino unakutana na unyevu. Ukikuta maji yanajikusanya kwenye alama ya kisigino, tafuta njia nyingine.

2. Toa upepo. Hatua hii ina faida kuliko kitufe chochote, na ndiyo inayoachwa zaidi kwa uvivu. Kama matairi yako yana PSI 35, yashushe hadi 20. Mchanga ukiwa mzito, 18. Ndugu zetu walioko Muscat, wanaokwenda kwenye matuta ya mchanga ya Wahiba, huko Oman, kila wikiendi, wanashuka hadi 15, lakini wao wana kompresa nzuri na wamezoea. Ukishuka hivyo ukakata kona kali, tairi linaweza kutoka kwenye rimu. Tairi lililopungua linalala, linakuwa refu chini kama unyayo wa ngamia, na halichimbi. Tumia kipimo, usikisie kwa jicho. Ukiwa huna kipimo, kinunue kabla ya kununua taa za juu ya keria.

3. Weka fowili. Kwenye gari lenye fowili ya muda wote, funga difu ya katikati. Kwa RAV4 na X-Trail, bonyeza au zungusha hadi LOCK. Kumbuka kwamba inajiachia ukifika kama kilomita 40 kwa saa. Kwa mchanga mfupi H4, yaani fowili ya mwendo wa kawaida, inatosha. Mchanga mrefu au wenye mlima, simama, weka gia N, ingia L4, yaani fowili ya gia nzito.

4. Sasa kitufe. Gari limesimama, breki imekanyagwa, kishikilie hadi taa zote mbili ziwake na zitulie. Angalia kwa macho, usihesabu tu. Kama umeingia L4, angalia tena baada ya kubadilisha, kwa sababu baadhi ya magari hubadili mpangilio wa mifumo hii yanapoingia gia hiyo.

5. Chagua gia kwa mkono. Giaboksi ya otomatiki ikiachwa kwenye D inaweza kupanda gia katikati ya mchanga na kukuondolea nguvu. Weka 2 kwenye H4, au 2 hadi 3 kwenye L4.

6. Ondoka taratibu. Kuzima mifumo si ruhusa ya kukanyaga kwa hasira. Achia breki, acha gari lijongee, ongeza mafuta kama unayemimina uji kwenye kikombe kilichojaa nusu. Ukishaanza kwenda, ongeza, kisha shikilia palepale. Kelele ya injini iwe moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usukani unyooshe; kama lazima ukate kona, iwe pana.

7. Usikanyage breki. Ukitaka kusimama, achia mafuta na mchanga wenyewe utakusimamisha. Breki inajenga kifusi mbele ya kila tairi, na kuondoka tena hapo ni kazi. Ikibidi kusimama njiani, simama palipoinama kuelekea mbele.

Kuna dakika moja ngumu ambayo lazima ujiandae nayo. Gari linapungua, matairi yanazunguka, na kitufe kimezimwa, hakuna wa kukukatia mafuta. Hapo kila dereva mgeni anaongeza. Achia mara moja. Gari lisilosonga mbele huku matairi yanazunguka linajichimbia kaburi, na kila sekunde moja inakuongezea nusu saa ya chepe. Ile kazi ya kukuzuia, ambayo kompyuta ilikuwa inaifanya vibaya, sasa ni ya mguu wako.

Matopeni

Tope la mbuga, lile jeusi linalopasuka nyufa kiangazi, lina tabia yake. Likiloa kidogo juu tu, linateleza kama sabuni lakini chini ni gumu. Likiloa kwa siku kadhaa, halina chini. Aina ya kwanza unapita kwa utulivu, na hapo mara nyingi inatosha kuzima TRC peke yake kwa kubonyeza mara moja. Aina ya pili, kama yale ya Ndutu mvua zikiwa zimekolea, zima yote mawili au usiingie. Ushauri wangu wa kweli ni usiingie ukiwa gari moja.

Upepo usishushe kama wa mchanga. PSI 25 inafaa. Weka L4, gia ya 2 au ya 3, na uingie kwa mwendo ambao hutahitaji kuuongeza. Ndani ya tope, matairi yazunguke kiasi cha kurusha udongo nje. Utausikia ukigonga chini ya madigadi. Mwendo ukianza kufa, chezesha usukani kidogo kushoto na kulia, robo ya mzunguko kila upande, ili meno ya pembeni ya tairi yatafute ukuta wa mkondo. Hapa ndipo VSC iliyosahaulika inakuumiza: kila ukichezesha usukani, yenyewe inakamata breki.

Barabara ikiwa imeinamia pembeni na kuna mtaro au korongo upande wa chini, sahau kila kitu nilichosema. Gari linaloteleza kando bila VSC linashuka lote kwa pamoja. Shusha abiria, ngoja jua, au rudi ulikotoka.

Wenye giaboksi za CVT, zile za otomatiki zisizo na gia za hatua kwa hatua, yaani X-Trail, Forester na Harrier nyingi za sasa: kuzungusha matairi na mifumo imezimwa kunapasha moto mafuta ya giaboksi haraka sana. Ikiwaka taa ya joto, au gari likianza kupoteza nguvu bila sababu, simama, weka P, acha injini inguruma polepole dakika kumi. Kuendelea kulazimisha kunaweza kukugharimu giaboksi nzima.

Kwenye mawe na mashimo, acha TRC ifanye kazi

Hili linawashangaza watu. Unapanda njia ya mawe, tairi moja la mbele na moja la nyuma yananing'inia hewani, gari halisogei. Difu ya kawaida inapeleka nguvu kwenye tairi lililo rahisi kuzunguka, yaani lile la hewani. Kitu pekee kinachoweza kukusaidia, kama huna loki ya difu, ni breki inayolikamata tairi hilo ili nguvu ihamie kwa mwenzake aliyekanyaga jiwe. Hiyo ndiyo TRC. Kwenye Toyota zenye A-TRC kazi hii imeboreshwa hasa kwa ajili ya L4. Ukiizima, umejinyang'anya msaada.

Namna ya kuitumia ni kuwa na subira. Kanyaga mafuta kidogo na ushikilie. Tairi litazunguka, trrr itaanza, na baada ya sekunde moja au mbili gari litajivuta mbele. Kosa la kawaida ni kuachia mafuta unaposikia kelele, kwa kudhani kuna kitu kinavunjika. Ukiachia, mfumo unaanza upya. Ukiitumia kwa muda mrefu breki zitapata moto. Toyota itapiga king'ora kidogo na kuacha kufanya kazi hadi zipoe. Zipe muda.

Rafu rodi si mahali pa kuzima

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Barabara ya changarawe yenye mawimbi, ile ambayo gari linatetemeka hadi kioo cha ndani kinageuka, ndiyo barabara yetu wengi ya kila siku. Watu wanaiita njia mbovu na kwa hiyo wanaona kitufe kinahusika. Hakihusiki. Kwenye mawimbi, matairi yanagusa ardhi kwa vipande vipande. Sehemu ya muda yako hewani. Ukiwa kilomita 80 na ng'ombe akavuka, ukakata kulia kisha kushoto, mkia wa gari refu kama Prado unaondoka kama unavutwa na kamba. VSC inaweza kuukamata mkia huo kabla hata hujajua umeondoka. Bila VSC, dereva wa kawaida anakata usukani kupita kiasi, tairi la pembeni linachimba kwenye changarawe laini ya ukingoni, na gari refu lililobeba mizigo juu ya keria linapinduka. Nimesimama kwenye ajali mbili za namna hiyo, barabara imenyooka na mchana kweupe. Sitaki msomaji yeyote wa mwongozo huu awe wa tatu.

Kipimo changu ni rahisi: kama ardhi inaniruhusu kupita kilomita 40 kwa saa, mifumo yote naiacha ifanye kazi. Changarawe, vumbi la kawaida, lami yenye mchanga juu, tope jembamba juu ya barabara ya murram, mteremko wa utelezi: acha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Kwenye mteremko mkali tumia L4 gia ya 1, na kama gari lina kitufe cha kushukia mlima kwa breki ya kujiendesha, kiwashe hicho badala yake.

Ukishakwama

Zima muziki, shusha watu, angalia chini ya gari. Kama tumbo limekaa kwenye mchanga au tope, hakuna kitufe wala mguu utakaolitoa; chimba mpaka uone mwanga upande wa pili. Futa mchanga mbele na nyuma ya kila tairi kwa mteremko, si shimo. Shusha upepo tena, hata hadi 15, kwa kutoka tu. Tandika matawi, mbao au zulia za chini ya viti, zikiwa zimebanwa mbele ya tairi kabisa.

Jaribu kwanza kurudi nyuma, kwa sababu njia ya nyuma tayari umeishindilia. Kulitikisa gari mbele na nyuma kunahitaji TRC iwe imezimwa, la sivyo nguvu inakatwa kila unapotaka kujirusha. Hata kitabu cha gari cha Toyota kinaeleza hivyo. Hakikisha taa ya TRC OFF bado inawaka, kwa kuwa pengine ulizima gari wakati wa kuchimba.

Ukivutwa na gari jingine, kamba ifungwe kwenye ndoano ya chasisi. Kamwe isifungwe kwenye bampa wala kwenye mpira wa trela, ambao ukikatika unaruka kama risasi. Watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba.

Kabla ya kukanyaga barabara tena

Simama kwenye ardhi ngumu ya kwanza unayoipata. Toa L4, fungua difu ya katikati, fungua ya nyuma kama uliifunga. Bonyeza kitufe mara moja na uangalie TRC OFF na VSC OFF zikipotea. Ikiwa moja imegoma kuzimika, zima gari, subiri kidogo, washa. Ikibaki inawaka hata baada ya hapo, chungulia kwenye magurudumu: mara nyingi ni tope lililoganda kwenye kihisi au waya uliovutwa na tawi, na fundi atauona akiinua gari. Hadi atakapouona, endesha ukijua huna mfumo huo.

Kagua tope lililojaa ndani ya rimu. Likikauka upande mmoja gari litatetemeka kwenye usukani ukifika kilomita 70, na utadhani umeharibu kitu. Likwangue kwa kijiti.

Kisha jaza upepo hadi kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kama kompresa huna na mji uko mbali, usizidi kilomita 40 hadi ufike, hata kama abiria wanalalamika. Mimi hupima matairi manne, kisha narudi kwenye kiti, nawasha, natazama dashibodi taa moja baada ya nyingine hadi ile ya njano yenye michirizi izimike. Ndipo nafunga mkanda.